Karakana ya Hewani

Sista yangu Aoko alipoachishwa kazi kwa kampuni ya viti huko Industrial Area, alikuja nyumbani na randa, misumeno mbili na vaisi, ile chuma ya kubana mbao, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyumba yetu Kaloleni ni chumba moja. Mathe, mama yetu, akaangalia hiyo mizigo, akasema sakafu ni yake, kama Aoko anataka karakana aitafute hewani.

Aoko akaangalia juu. Nyumba haina siling, boriti ziko wazi. Akalaza mbao ukuta mpaka ukuta, akapiga misumari ya inchi nne. Viti za wateja akazining'iniza kwa miguu. Mikebe ya misumari alipigilia vifuniko kwa mbao, unazungusha tu, mkebe unabaki mkononi. Sheria yake ilikuwa moja: kitu nzito ikae karibu na ukuta, katikati ni nyepesi pekee. Aliniambia hiyo kila siku mpaka nikachoka.

Mathe naye akaweka yake. Kitu kimoja kikianguka, karakana imeisha. Tangu hapo Aoko alikuwa anakula akiangalia juu.

Sasa Jumamosi nimerudi na haraka zangu, nikajigonga kidole kwa vaisi, Aoko ameiacha hapo mlangoni. Nikapanda stuli, nikaisukuma juu pale mkono ilifika. Katikati.

Jumapili mathe anachambua mboga ya sukuma kwa kitanda, mbao ikalia. Vaisi ikashuka, ikazama kwa godoro, shubiri moja tu kutoka kwa goti lake. Sukuma ikatawanyika.

"Toa," mathe akasema. Hata hakupaza sauti. "Toa zote."

 Aoko alivuta stuli, akaanza kushusha viti. Alipofika kiti ya tatu nikamshikia stuli.

"Mathe, ni mimi niliiweka. Aoko alikuwa amenikataza."

 Mathe akaniuliza hiyo Jumamosi nilikuwa nakimbilia wapi. 

"Basi godoro yako itoke kwa kona," akasema. "Utalala hapo katikati, chini ya vitu zake."

Aoko akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Viti zikarudi juu.

Siku hizi silali kabla sijapanda stuli nitingishe kila mbao. Vaisi iko kwa ukuta. Nimeifunga na waya mara mbili, na bado hiyo waya siiamini.