Pishi ya Marehemu Mkwe

Mke wangu Yangkyi haamini mtu. Hata chai ya siagi ninayompikia mimi mumewe, lazima ainuse kwanza.

Baba yake alikuwa akishusha chumvi yetu ya Tibet kila kiangazi hadi Humla, upande wa Nepali, mifuko ikiwa mgongoni mwa kondoo. Huko alikula kiapo cha udugu na mzee Rokaya. Walinywa pombe ya shayiri kwenye bakuli moja, na tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazikufanya biashara na nyumba nyingine. Pishi ya chumvi kwa pishi ya shayiri, basi.

Wazee hao walikufa mwaka mmoja. Kiangazi kilichofuata tulikwenda sisi, tukapokewa na Jaisingh, mtoto wa Rokaya. Tulirudi na shayiri pungufu, na kabla theluji haijayeyuka watoto wetu walikuwa wanakunywa maji ya mifupa mitupu.

“Katuibia yule,” Yangkyi akasema. “Kaona mwenye mali kafa.”

Safari ya pili akaitia pishi ya mti ya baba yake kifuani, ndani ya joho. Uani kwa Jaisingh, chumvi yetu ilipokwisha kupimwa na zamu ya shayiri ikafika, akaitoa. Akamimina humo pishi moja ya Jaisingh. Haikujaa, vidole vitatu vizima vilibaki.

“Kaka, hii nini?”

“Dada, usinitukane nyumbani kwangu. Twende kwa mkuu wa kijiji, pishi ya halali iko kule.”

Tukaenda. Pishi ya Jaisingh ikalingana na ile ya halali punje kwa punje. Kubwa ilikuwa ya mkwe wangu.

“Loo! Marehemu alikuwa fundi!” watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Yangkyi hakucheka wala hakuona haya. “Hiyo ni ya shayiri. Ile mliyopimia chumvi yangu iko wapi?”

“Ile kuukuu? Ya nini tena, dada?”

“Hiyo hiyo kuukuu. Ilete.”

Ikaletwa. Nayo iliizidi ya halali kwa vidole vitatu. Safari hii hakucheka mtu.

Mjane wa Rokaya, mama yake Jaisingh, aliyetufuata huku akisokota sufu, akaguna. “Wazee walijuana. Kila mmoja alipokea kwa kubwa yake, wakatoka sawa. Mwaka jana mlikuja bila pishi yenu, sisi tukanyamaza.”

Jaisingh aliinamisha kichwa. Tuliporudi uani kwake alitupimia kwa pishi ya mkwe, akaongeza na upungufu wa mwaka jana. Kisha akaleta bakuli la pombe. Yangkyi akanusa, akanywa.

Njiani ndipo alipolia. “Miaka yote ile namfungia mifuko, baba hakuniambia. Hata mimi hakuniamini!”

Tulipofika nyumbani, kabla hata ya kufungua gunia, alimwita binti yetu mkubwa, akampa ile pishi mkononi, akamweleza yote.