Kwangu Hakuna Njoo Kesho

Mume wangu alikuwa na jina zuri alilopewa na babu yake, lakini ukilitaja kule gatini hakuna atakayegeuka. Walimwita Hesabu.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa na boti ya faiba yenye mashine mbili, na kwa miaka mingi aliwachukua wapanda mawimbi kutoka gatini hadi mwambani, mwendo wa dakika arobaini, mahali ambapo kisiwa chetu unakiona kama uzi wa kijani tu. Pale hakuna ufuko. Wimbi linatoka kilindini, linakutana na mwamba ghafla, linasimama wima kama ukuta wa ghala, na watu wazima wenye akili zao wanaliteremka wakiwa wamesimama juu ya ubao. Boti haiwezi kusogea karibu. Inakaa pembeni, kwenye mlango wa mwamba ambako maji ni ya kina na hayavunjiki, na nahodha anawatazama watu wake kwa nyuma, mgongoni mwa wimbi. Vichwa havionekani vizuri. Kinachoonekana ni mbao, kwa sababu zina rangi na zinaelea.

Kwa hiyo mume wangu alihesabu mbao. Kila mtu huwa ameufunga ubao wake kwa kamba kifundoni, na hesabu yake ilikuwa kwamba ulipo ubao, mwenyewe yupo. Kila fungu la mawimbi likipita alisimama juu ya kiti, kidole hewani, midomo inacheza. Hata kama alikuwa katikati ya utani, aliukata, akahesabu, ndipo akaumalizia.

"Kwani wakipungua watakuwa wameenda wapi, sokoni?" wenzake walimcheka.

"Nyie chekeni. Siku nikirudi na pungufu, nani atanisaidia kueleza?"

Nyumbani pia alikuwa hivyo hivyo. Watoto walikuwa wanne na alituhesabu mezani kana kwamba mmoja anaweza kupotelea kwenye sufuria.

Mimi ni fundi cherehani. Nasema ni, sisemi nilikuwa, ingawa macho yamepungua. Cherehani yangu ni ya miguu, ipo sebuleni chini ya dirisha, na ubao wake wa kukanyagia umelika mahali pa kisigino changu cha kulia. Mafundi wote ninaowajua wana wimbo mmoja: njoo kesho. Unapeleka gauni, njoo kesho. Unalifuata, bado vifungo, njoo kesho. Mimi sikuwahi kuuimba. Mteja akiingia, anakaa, anasubiri, anatoka na kitu chake. Mume wangu alijivunia jambo hilo kuliko hata mimi. Siku moja alibakiwa na rangi ya buluu baada ya kupaka boti, akachukua kipande cha ubao akaandika, akakipigilia mlangoni: KWANGU HAKUNA NJOO KESHO. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu hakupima. Mtu wa hesabu!

"Fundi," aliniambia, maana hakuniita jina lingine, "sasa ukishindwa utaniaibisha na mimi."

Wapanda mawimbi walikuja kwangu wengi. Waliniletea mifuko ya mbao iliyopasuka zipu, nguo za kuogelea zilizoachia makwapani, na zaidi ya yote mikanda ya vifundoni. Mkanda huo ni wa kitambaa kinene, una sehemu ya kunata, na umeshonewa kwenye utepe unaoshika kamba ya ubao. Kinachoshika yote ni mshono mmoja mfupi kama kidole gumba. Mshono huo hushonwa kwa uzi wa nailoni, maana uzi wa pamba chumvi inaula. Hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa ule.

Kitinda mimba wangu tulimwita Kiroboto, kwa sababu tangu alipojifunza kutembea hakuwahi kukaa kitako. Kaka zake walipenda nchi kavu. Yeye akiwa na miaka kumi na miwili aliomba ubao wa zamani uliovunjika pua, baba yake akauziba, na basi, tukampoteza kwa bahari. Alipofika ishirini alikuwa anawaongoza wageni mwambani kama kazi. Ubao wake ulikuwa wa manjano.

"Baba, leo unihesabu mara mbili," alikuwa akimchokoza. "Nimenenepa."

Siku moja mchana aliingia na mkanda wake mkononi.

"Mama, hapa pameachia."

"Weka hapo, kaa."

"Una uzi ule mgumu? Kama umeisha nitaazima kamba ya baba mdogo."

Baba mdogo wake ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshika nanga wa boti yetu.

"Nani kakwambia uzi umeisha? Hujasoma kibao mlangoni?"

"Nimekisoma tangu sijajua kusoma," akasema, akacheka, akakaa juu ya meza yangu ya kukatia huku anapunga miguu.

Uzi ulikuwa umeisha. Kigurudumu kilikuwa kitupu, na muuza duka alikuwa anangoja mzigo. Nilichukua uzi wa pamba, mweusi, nikaukunja mara mbili, nikapiga mistari mitatu na kurudi. Ukiuangalia hutaona tofauti. Nikaukata kwa meno, nikampa. Nilijiambia ni wa siku chache tu, nailoni ikija nitaurudia.

Nailoni ilikuja wiki hiyo hiyo. Niliiweka rafuni. Kilichobaki ni kumwambia mtoto, lete ule mkanda niurudie. Sikumwambia, kwa sababu angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba siku ile sikuwa na uzi. Maneno madogo kiasi hicho yalinishinda kutoka mdomoni. Wiki ya pili ikapita, ya tatu nikasahau.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Yaliyotokea nayajua kwa maneno ya mume wangu. Mawimbi yalikuwa makubwa lakini si ya kutisha. Watu walikuwa tisa. Likapita fungu la mawimbi matano, akasimama kwenye kiti, akahesabu: mbao tisa. Ule wa manjano ulikuwa umesukumwa ndani zaidi, upande wa maji mafupi, akadhani Kiroboto amejilaza juu yake anapumzika. Likapita fungu la pili. Akahesabu tena, tisa. Akakaa. Mara ya tatu ndipo ubao wa manjano ulipogeuka, akaona juu yake hakuna mtu.

Walimpata haraka, maji yalikuwa mafupi na safi. Mwamba ulikuwa umempiga kichwani. Sitaandika zaidi ya hapo.

Waliporudi gatini nilikuwa nimeshaitwa. Nilisimama pale na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani kwenye gauni langu. Mume wangu alikuja kwangu, nami swali la kwanza nililomuuliza, Mungu anisamehe, halikuwa juu ya mtoto.

"Ni mshono?"

Alinitazama kidogo. Akaingia kwenye boti, akakaa huko muda, akarudi na kamba ameikunja mkononi. "Si mshono, Fundi. Ni kamba. Mwamba umeikata. Na mimi nimehesabu mbao, sikuhesabu watu. Kosa ni langu."

Akanipa ile kamba. Niliishika, nikamrudishia upesi.

Baada ya maziko hakushika tena usukani. Alimwachia mdogo wake boti, yeye akabaki gatini kufunga kamba, kujaza mafuta na kuwaelekeza wenzake. Ni yeye aliyewafundisha utaratibu wanaoufuata mpaka leo: kila fungu likipita nahodha anapuliza filimbi, na kila mtu majini anainua mkono. Wanahesabu mikono. Lakini jina lake lilikuwa limegeuka likawa kejeli. Watu walimcheka waziwazi.

"Hesabu, moja na moja ni ngapi?"

"Muulize mwalimu," alijibu, akiendelea kufunga kamba.

Aliyewazidi wote kwa kejeli alikuwa shemeji yangu, damu yake mwenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu siku niliyopeleka chakula gatini: "Jamani msimpe kaka noti, atarudisha chenji ya mbao!" Gati zima likaangua kicheko, na mume wangu akacheka nao. Kuanzia siku hiyo nilimnyima shemeji chai nyumbani kwangu. Miaka mitatu hakuonja hata maji.

Na mimi? Mimi niliendelea kushona. Watu walisema, mwanamke huyu ana moyo, kafiwa na bado mshono wake umenyooka. Nilipenda kusikia hivyo. Kibao kilibaki mlangoni.

Kuna siku moja nataka niiandike, maana nisipoiandika mimi hakuna mwingine anayeijua. Tulikuwa tumebaki wawili nyumbani. Nilikuwa napakua, naye akachukua sahani kabatini, akazipanga mezani akihesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu. Tatu, na sisi wawili. Hasira ikanipanda sijui kutoka wapi.

"Sahani unazijua kuzihesabu," nikasema. "Ungehesabu hivyo siku ile."

Alichukua ile sahani ya tatu, akaifuta kwa kiganja ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini.

"Kweli, Fundi," akasema. Akakaa, akala chakula chote nilichompakulia.

Alifariki mwaka jana, kifua, akiwa kitandani kwake, nami nimemshika mkono. Miaka kumi na tisa baada ya mtoto. Arobaini ilipopita nilifungua stoo kupanga vyombo vyake. Kulikuwa na sanduku la bati la vipuri: plagi za mashine, misumari ya shaba, bomba la grisi. Chini kabisa palikuwa na kitambaa cha gauni langu la zamani, kimefungwa fundo. Nilipofungua nikakuta mkanda wa kifundoni. Ulikuwa mzima. Sehemu ya kunata ilikuwa nzima, utepe ulikuwa mzima, na kati yao palikuwa na matundu mistari mitatu, safi, yamenyooka, na vipande vya uzi mweusi vilivyosagika nilipovigusa.

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Sasa niseme lililobaki. Mimi nimekata vitambaa na kamba maisha yangu yote. Kitu kilichosagwa na mwamba kinachanika, kinatoa manyoya. Kamba niliyopewa gatini siku ile ilikuwa na ncha iliyokatwa kwa kisu, mkato mmoja. Niliiona. Ndiyo maana niliirudisha upesi. Niliona, nikajiambia sikuona, na kwa miaka kumi na tisa nikamwacha mwanamume yule abebe mzigo huku mimi nasifiwa mshono.

Kesho yake asubuhi niliuweka mkanda kwenye mkoba, nikaenda gatini. Shemeji sasa ni mzee, hana meno ya mbele, alikuwa amekaa kwenye pipa anaviringisha kamba. Aliponiona alisimama haraka, maana hakuzoea mimi kumfuata.

"Shemeji, karibu. Kuna nini?"

Nikamwekea mkanda mkononi. "Nimekuja kuwaambia wote hapa. Kaka yako hakukosea peke yake. Mshono ulikuwa wangu, na uzi ulikuwa wa pamba."

Hakushangaa. Aliutazama ule mkanda kama mtu anayekutana na jamaa yake wa siku nyingi.

"Najua, shemeji," akasema. "Kisu kilikuwa changu."

"Kisu gani?"

"Alichokatia kamba. Tulikuwa wawili kwenye boti, alinigeukia akaniomba kisu. Akasema, kosa la hesabu ni langu na nitalibeba, lakini mshono mwacheni nao. Ukimnyang'anya Fundi mshono wake utakuwa umemzika na yeye."

"Na wewe ukamcheka! Miaka yote ile, wewe mdogo wake!"

"Alinituma yeye. Alisema tukimwonea huruma utajiuliza kwa nini. Akaniambia, nyie nichekeni, Fundi akisikia mnanicheka ataamini. Nilimcheka, shemeji. Halafu nilikuwa naenda nyuma ya tangi la mafuta nalia. Na chai ukaninyima, nikasema haki yangu."

Nilimshika bega. Nikachukua mkanda wangu nikarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima bila kumsalimia mtu.

Nilipofika nilikuta msichana ananisubiri kizingitini, nywele mbichi, mchanga miguuni. Amekaa chini ya kibao cha mume wangu.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa mikanda. Huu umeachia, na mchana huu tunatoka tena."

"Marahaba, mwanangu. Hebu."

Niliuchukua, nikaingia ndani, nikakaa kwenye cherehani. Nikafungua droo. Nailoni ilikuwa imebaki kidogo, mzunguko mmoja au miwili, haitoshi mistari mitatu na kurudi. Pembeni yake kulikuwa na uzi mweusi wa pamba, kigurudumu kimejaa.

Msichana alikuwa ameingia, anasoma kibao kwa sauti na kutabasamu. "Hakuna njoo kesho! Bibi, wewe ni kiboko."

Nilifunga droo. Kisha nikampa mkanda wake kama alivyouleta.

"Uzi sina, mwanangu," nikasema. "Leo usiingie majini na huu. Njoo kesho."