Maneno Ambayo Sikuyameza

Shingo yangu ilianza kuvimba nilipokuwa darasa la sita, mwaka wangu wa mwisho wa shule. Kwanza kola ya blauzi nyeupe ilinibana. Kisha mwalimu, ambaye tulilazimika kumwita sitwayeni, yaani raia, kama watu wote wa Zaïre, akanisimamisha mbele ya wenzangu na kuniambia niteme pipi. Sikuwa na pipi. Nilifungua kinywa, akachungulia, darasa likacheka. Hakuniomba radhi.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilikuwa hivyo kabla shingo haijavimba na ningali hivyo. Hata kuandika ninaandika polepole. Lakini nyumbani kwetu Kolwezi watu walikuwa na maelezo yao. Walisema mtoto asiyesema humeza maneno, na neno la uchungu likimezwa halishuki tumboni, hukaa shingoni likakua. Kwa watu wa baba, waliotoka kaskazini mwa jimbo, mgonjwa wa namna hiyo huketishwa katikati ya ndugu zake. Anataja jina la aliyemkosea, anapuliza maji kwa kinywa, na ugonjwa unalegea. Asiyetaka kusema huchanjwa shingoni kwa wembe ili neno lipate mlango.

Mama aliyenizaa alikufa nikiwa mdogo. Baba, fundi wa mashine mgodini, akaoa mwanamke wa upande wa Musumba. Nilimwita mama na hakuna aliyenilazimisha. Mwaka ule shingo ilipovimba nilikuwa nasikia baridi hata juani. Mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi ilipouma kweli, alikuwa akinikalisha karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na kunisugua miguu kwa mafuta ya mawese mpaka ipate moto. Hakuuliza kwa nini sisemi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alifika kwa treni akiwa na kuku wawili kikapuni. Alinishika shingo kabla ya kumsalimu baba.

"Eh! Hii shingo iko na mimba ya miezi tano!"

Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Shangazi hakucheka. Macho yake yalikuwa yamekwisha kumfikia mama.

Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya nyumba, sisi wanne. Shangazi aliniwekea kikombe cha maji mkononi.

"Sema, mutoto. Nani aliumiza roho yako?"

"Hakuna."

"Hakuna? Shingo yenyewe inakatala."

"Hakuna, tantine."

"Kuko mutu hapa anakupikia bukari kila siku. Usiogope. Mi niko hapa."

Nilielewa, na baba alielewa. Kama ningemtaja mama, wembe usingenigusa, na yeye angepandishwa lori la kurudi Musumba kabla ya wiki kwisha. Nisipomtaja, shingo yangu ingekatwa. Mama alikuwa anatazama viganja vyake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Niliweka kikombe chini, maji yote yakiwa ndani.

"Basi," shangazi alisema. "Siku ya posho, kisha salongo, mganga atakuja na wembe. Uko na siku sita." Alimaanisha Jumamosi, baada ya kazi ya lazima ya serikali.

Alhamisi nilikwenda peke yangu, kwa miguu, hadi zahanati moja huko Manika. Sikumuaga mtu. Njiani nilirudia maneno nitakayosema, na nilipofika yote yalinitoka kichwani. Haikuwa na neno. Muuguzi, mwanaume mnene mwenye mikono ya baridi, aliiona shingo kabla sijakaa. Akanipa kikombe cha maji.

"Meza."

Nikameza.

"Meza tena."

Nikafikiri, na huyu pia anatafuta maneno! Kumbe alikuwa anaangalia uvimbe ukipanda na kushuka ninapomeza. Akaniuliza kama nasikia baridi, kama nalala sana, chumvi tunayokula ni ipi. Ile ya mawe, nilijibu, ya gunia. Akauliza muhogo wa bukari yetu unalowekwa siku ngapi.

"Mbili."

"Mbili ni kidogo. Siku ine, njo muzuri. Muhogo wenye haukulowa sawasawa unazidisha hii."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine kuwasha mashine. Hapa shingoni kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, na homoni hiyo huingia katika damu na kuuambia mwili upashe moto, ukue, uamke. Ili kuitengeneza, tezi inahitaji iodi, kitu kidogo sana ambacho udongo na maji ya huku kwetu havina cha kutosha, wala chumvi yetu ya gunia. Tezi ikikosa iodi inajitanua kutafuta, inajitanua tena, hatimaye watu wanaona rovu.

Nilikusanya nguvu zote nilizokuwa nazo nikamwuliza, "Haiko maneno nilimeza?"

Alinitazama, kisha akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Maneno? Bibi yangu anasema tangu asubuhi mpaka magaribi, hamezake hata moja, na yeye pia ako na goitre!"

Akanidunga sindano ya mafuta yenye iodi ndani. Iliuma kwelikweli. Alisema shingo haitapungua kesho wala mwezi ujao, nisubiri, na mtu asinikate, kwa sababu mahali pale pana mishipa mikubwa ya damu. Hilo la mwisho alilisema bila kucheka.

Jumamosi baba alirudi kutoka salongo na jembe begani. Mganga alikuwa amekwisha kufika, mzee mfupi mwenye tumbaku shavuni. Shangazi alikuwa ametandika mkeka. Kando ya mlango niliona vitu vya mama vimefungwa ndani ya kitenge, yeye mwenyewe kavifunga.

Mganga akafungua wembe. Shangazi akaniambia nilale. Nilisimama. Sauti ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hakuna mutu atanipasula. Nilienda kwa munganga wa hopitali, amenitia shindano. Na mama sina neno naye. Wewe njo uko na neno na mama, tantine. Bakupasule wewe."

Shangazi aliinua mkono, lakini kabla haujashuka mganga alipiga makofi na kuufunga wembe wake.

"Imetoka! Hamukusikia? Neno kubwa vile! Kazi imeisha. Kuku yangu iko wapi?"

"Kazi gani?" shangazi alifoka. "Haukugusa kitu!"

"Muliniita juu neno itoke. Neno imetoka. Leta kuku, mama, jua linaenda."

Akaondoka na kuku wake kwapani. Baba, ambaye ninafanana naye kwa kunyamaza, alitua jembe ukutani. "Mama," alimwambia mkewe, "fungua ile mizigo." Ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile. Shangazi alirudi kaskazini kwa treni iliyofuata, na hakuniaga.

Shingo ilipungua kidogo kidogo. Baada ya miezi mingi blauzi ya zamani ilifunga tena kifungo cha juu. Uvimbe haukuisha wote. Umebaki kiasi cha yai la njiwa, na sijawahi kuufunika kwa kitambaa, ingawa wapo walioniletea vitambaa. Baridi ya ajabu iliondoka na usingizi wa mchana pia. Upole wangu wa kusema haukuondoka. Wenye kusubiri nichangamke kama kasuku waendelee kusubiri.

Habari ya muhogo nilimwambia mama peke yake, tukiwa mtoni. Tangu siku ile aliuloweka siku nne. Shangazi hakuambiwa kamwe. Kwake siku mbili za muhogo zingekuwa ushahidi dhidi ya mama, naye angefunga tena kitenge chake. Hilo ndilo neno nililolimeza kwa makusudi, na shingo iliendelea kupungua.

Huko kaskazini shangazi alieneza kwamba mganga wake ndiye aliyeniponya. Kisha akatuma barua. Alisema niliwahi kumtukana mbele ya mgeni, kwa hiyo niende na kitenge kipya nipige magoti. Baba alinipa barua ile. Nilikaa nayo mezani mchana mzima. Jibu langu lilikuwa la mstari mmoja, na nililiandika polepole, herufi kubwa, ili lisomeke vizuri mbele ya ndugu wote: Mama yangu anakusalimu.