Kitufe cha Tanzia

Kibodi yangu ina vitufe arobaini na viwili tu. Niliilehemu mwenyewe kwenye meza ya jikoni hapa Hallunda, swichi moja baada ya nyingine, hadi binti yangu akaniuliza kwa Kiswidi kama siku hizi kibodi haziuzwi madukani. Zinauzwa. Ila ya dukani haikusikilizi. Hii niliiandikia programu yake ya ndani, nikaamua mimi kila kitufe kifanye nini.

Cha pembeni kushoto nilikipa kazi ya tanzia. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, na hatukai muda mrefu kabla mtu hajafiwa nyumbani. Maneno ni yale yale, nilishachoka kuyaandika. Nikibonyeza mara moja, tangazo zima linajiandika: kwa masikitiko makubwa, mwenzetu nukta nukta amefiwa na nukta nukta, tukutane kwake tumfariji. Kazi yangu ni kujaza nukta na kutuma. Nilijiona mjanja.

Dada yangu alipiga simu Jumamosi asubuhi, niko chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu.

"Kaka, mama ametutoka."

Nikasema sawa. Nikasubiri mashine imalize, maana zamu yangu ya kufua ilikuwa inakwisha, nikakunja shuka, nikapanda juu. Sikusikia kitu moyoni. Nikafungua kundi la jumuiya kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe, nikatuma.

Pole zikamiminika. Poleni wafiwa. Mungu ampumzishe mahali pema. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wameshaitikia, ndipo mama mmoja Mkenya wa Norsborg akaandika: "Katibu, pole na kazi. Lakini hujasema ni nani amefiwa."

Zile nukta zilikuwa pale pale, sikuzijaza.

"Ni mimi," nikaandika. "Mama yangu."

Walikuja siku ile ile na masufuria ya pilau na chupa za chai, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Wanawake walilia. Mimi niligawa viti. Siku zikapita, jicho kavu, nikaanza kuogopa kwamba sitamlilia mama yangu.

Nilikichukia kile kitufe. Nikafungua faili la programu yake, nikafuta tangazo lote, nikachomeka waya, nikabonyeza kidude kilicho chini ya kibodi ili ipokee programu mpya. Taa ikazimika, ikawaka tena. Nikajaribu kitufe, hakikuandika kitu. Sikusikia nafuu yoyote.

Kisha mzee mmoja wa Hässelby akafiwa na mkewe. Nikakaa kuandika tangazo herufi kwa herufi, polepole, kwa kuwa hakuna tena wa kuniandikia. Masikitiko makubwa. Mwenzetu. Jina la mzee. Amefiwa na. Niliposoma nilichoandika kabla ya kutuma, nikakuta sikuandika mke. Nimeandika mama.

Hapo ndipo nilipolia.