Programu Iliyomfukuza Babu

Mnisamehe kwa mwandiko huu wa kuparua, na mkikuta r imekaa mahali pa l mjue kosa ni langu. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima. Lakini kuna jambo nililojifunza nikiwa kijana ambalo sijawahi kumweleza mtu mpaka mwisho, kwa sababu nikianza kulisema kwa mdomo naona aibu na kuishia njiani.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Mfanyabiashara mmoja Mhindi, mzaliwa wa hapohapo, aliyejua Kigogo kuliko vijana wengi wa mjini, alinunua kompyuta tano zilizokwisha kutumika. Akazipanga katika chumba nyuma ya duka lake la vitambaa, watu waje kuchapa barua na kujifunza. Mimi nilikuwa nimetoka kupogoa mizabibu Makutupora. Aliniajiri kufuta vumbi, maana vumbi letu lilikuwa linaziua mashine zake. Baada ya miaka miwili nilikuwa nazifungua na kuzifunga mwenyewe, na niliweza hata kumwelekeza mteja, ilimradi asiniangalie usoni.

Fundi aliyekuja kuziunganisha zile mashine kwa waya alisahau kitabu cha kurudufu, kimefungwa kwa uzi wa viatu. Kilikuwa cha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na nusu yake ya mwisho ilieleza jinsi programu iliyo katika mashine moja inavyozungumza na programu iliyo katika mashine nyingine kupitia kitu kinachoitwa soketi. C yenyewe ina maneno machache, hayafiki arobaini, na hilo lilinipa moyo. Kiingereza chote kingenishinda, ila maneno arobaini ningeyaweza. Tatizo lilikuwa maelezo yanayoyazunguka.

Hapo ndipo alipoingia Babu, kama sote tulivyomwita. Alikuwa mzee wa mjini, mstaafu, aliyefanya kazi ya kupeleka simu za maandishi kwa waya katika stesheni ya reli. Alikuja kila asubuhi kuchapa, kofia yake nyeupe kichwani, na siku zote alikaa mashine ya tatu. Alijivunia Kiingereza chake kupita kiasi. Nikimpelekea aya moja ya kitabu aliisoma kwa sauti kama taarifa ya habari, kisha akanitafsiria. Mara nyingine alikosea, na nilipomwambia programu imekataa alijibu, "Basi mashine ndiyo haijasoma." Bila yeye nisingevuka ukurasa wa pili.

Bosi alitaka wanafunzi wajizoeze kuchapa kwa kuandikiana humo humo chumbani, kwa kuwa mtandao wa simu ulikuwa ghali. Nikamwandikia programu. Mashine ya kwanza ndiyo ilikuwa mwenyeji, ikipokea sentensi kutoka kila mashine na kuzionyesha kwa wote. Mwenyeji alizipitia mashine moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alisubiri sentensi imalizike. Nilidhani ndiyo adabu. Mtu anaposema, unamsikiliza mpaka amalize.

Ilifanya kazi vizuri mpaka Babu alipokaa. Babu alichapa kwa kidole kimoja, na kati ya herufi na herufi alifikiri. Mpaka abonyeze enta mwishoni mwa sentensi, hakuna kilichotoka kwake, na mwenyeji alimsubiri yeye tu. Chumba kizima kilisimama.

"Kaka, mashine yako imenuna," alisema dada mmoja wa Kolo aliyekuwa akijifunza uhazili.

"Babu, bonyeza enta!" mwingine akapaza sauti.

"Sijamaliza," alisema Babu bila kuinua kichwa.

Siku ya tatu ya kelele hizo bosi aliniita kwenye vitambaa. "Jumamosi linaanza darasa la wanafunzi wa chuo," alisema. "Ama mashine isikwame, ama mzee asije asubuhi. Na utamwambia wewe, maana wewe ndiye rafiki yake."

Nilirudi chumbani nikakaa mbele ya kitabu. Kumwambia mzee aliyenifundisha kwamba hatakiwi kwa sababu anachapa polepole! Afadhali ningerudi Makutupora kwenye mizabibu.

Nilikuwa na siku nne. Babu mwenyewe, asijue kinachoendelea, alinitafsiria sura inayoeleza jinsi programu moja inavyoweza kugawanywa iwe kama watu wawili wanaofanya kazi pamoja. Kitabu kiliwaita nyuzi. Nikatengeneza nyuzi mbili: mmoja wa kukaa mlangoni na kupokea mashine mpya, mwingine wa kuzunguka akikusanya sentensi. Wote wawili walitumia orodha moja ya waliomo, kwa hiyo kitabu kilishauri iwekwe kufuli, mmoja akiishika orodha mwenzake angoje. Nikaona nimemaliza kazi.

Jumatano asubuhi tukajaribu. Babu akaanza kufikiri, na chumba kikasimama vilevile. Safari hii hata mashine mpya haikuweza kuingia, kwa kuwa uzi wa kuzunguka ulikwama kwa Babu huku umeshika ufunguo wa orodha mkononi, na wa mlangoni ukabaki unaungoja. Nilikuwa nimeongeza mfanyakazi, lakini nikamwachia tabia ileile ya kusimama mbele ya mtu mmoja.

Alhamisi nilipata ukurasa uliosema soketi inaweza kuambiwa isimsubirishe mtu. Ukiiuliza na haina kitu, inakurudishia hasi moja papo hapo, nawe unaendelea na wengine. Nilifurahi mpaka nikasahau kunywa chai. Nikaandika: ukirudishiwa hasi moja, huyo ameondoka, mfute kwenye orodha.

Ijumaa, kabla ya Babu kwenda kuswali, nikamwomba akae. Aligusa herufi mbili, akafikiri. Kioo chake kikaandika kwamba amekatwa. Nikamuunganisha tena. Akakatwa tena kabla hajagusa kitu.

"Mbona inanifukuza?" aliuliza.

Sikuweza kumtazama. Bosi alikuwa amenipa siku nne ili Babu asiondolewe, na mimi nilikuwa nimeunda kitu cha kumwondoa kwa haraka kuliko bosi mwenyewe.

"Inasemaje inaponifukuza?" aliuliza tena. "Mtu hafukuzwi bila sababu. Iambie itoe sababu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaongeza mstari mmoja ili programu iandike sababu yake kabla ya kukata. Yakatokea maneno matatu ya Kiingereza. Babu akavuta kiti, akayasoma kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari.

"Kitu hakipatikani kwa muda," alitafsiri. Kisha akanigonga begani. "Kwa muda, wewe! Haikusema nimeondoka. Mwenzangu wa Manyoni akinyamaza kwenye waya nilikaa nikangoja. Labda kaenda msalani. Sikuandika kitabuni kwamba amekufa."

"Na mtu akiondoka kweli, nitajuaje?"

"Ah, soma kitabu. Mimi nachelewa msikitini."

Nilisoma. Neno kwa neno, na kamusi ndogo, mchana wote ule. Mtu akiondoka kweli soketi inarudisha sifuri. Hasi moja ina sababu nyingi, na sababu ile ya kwa muda haihitaji kufanya lolote ila kupita na kurudi baadaye. Nilibadilisha mistari mitatu tu. Nikapunguza pia muda wa kushika ufunguo, na nikauambia uzi wa kuzunguka upumzike kidogo kila baada ya mzunguko, maana ulikuwa unakimbia bure na kuichosha mashine.

Jumamosi wanafunzi wa chuo walijaa, wawiliwawili kwenye kiti. Babu akakaa mashine ya tatu. Aligusa herufi, akatulia. Wengine waliandikiana, wakacheka, wakataniana kuhusu mpira. Dada wa Kolo alichelewa, akawasha mashine ya tano, akaingia bila shida. Bosi alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia kitambaa shingoni, akimwangalia Babu, kisha akiniangalia mimi. Dakika zikaenda. Babu alifuta kitu, akaandika upya. Mwishowe akanyanyua kidole juu na kubonyeza enta, na kwenye vioo vyote yakatokea maneno mawili kwa herufi kubwa, kama simu za zamani:

NIMEFIKA SALAMA

Chumba kililipuka kwa kicheko. "Pole na safari, Babu!" wakamjibu. Bosi akarudi kwenye vitambaa vyake. Babu aliendelea kuja asubuhi zote alizotaka, na sikuwahi kumwambia kwamba bosi alitaka asije.

Kama wewe uliyesoma mpaka hapa ulijifunza kitu kigumu bila shule, kwa kitabu cha watu au kwa mzee wa namna hiyo, naomba uniandikie kupitia kwa wachapaji wa kitabu hiki. Nieleze ulipokwama na aliyekukwamua. Barua yako nitaisoma, ije lini au lini.