Chumvi ya Mnadani

Kila tarehe ya kliniki ya kisukari, mzee muuza ng'ombe hufika mapema kutoka upande wa Nyamwaga, gambuti zimeoshwa zikang'aa, na kumnyooshea muuguzi Imelda kidole cha kupimwa sukari kabla hajaombwa. Vidole vyake vimekomazwa na kamba za ng'ombe hata kukitoboa kimoja ni kazi. Akisubiri majibu hupiga mluzi mdogo, kama anayeswaga ndama. Sukari ikiwa nzuri hucheka kwa kifua kizima, "Umeona, binti yangu?" Imelda naye humpigia makofi mbele ya wagonjwa wengine ili wamwige.

Leo amekuja akichechemea. Imelda alipomwomba avue gambuti alikataa, kisha akaivua polepole huku akitazama ukuta. Kidole gumba cha mguu kilikuwa cheusi, na harufu ikajaa chumbani.

"Mzee wangu, na sukari yako si huwa nzuri?"

Akajibu kwa sauti ya chini kwamba juma la kliniki hula mboga za majani na kutembea asubuhi na jioni. Akishapimwa hurudia soda zake na ugali wa mlima, mpaka tarehe nyingine ikaribie.

"Hata ng'ombe, binti yangu, siku ya mnada tunamlambisha chumvi anywe maji, tumbo lijae. Mnunuzi haulizi jana alishindaje."

Imelda, aliyemnunua miezi yote hiyo kwa makofi, akaupakata ule mguu, asijue aanze kuuliza wapi.