Kisanduku Kisichosikia

Kisanduku nilichokiunda mwenyewe kilirudi Ifakara juu ya gunia la mpunga, kimejaa tope. Msimu mzima kilikuwa shambani kwa baba, upande wa Malinyi, kikipima kina cha maji kwenye majaruba ya mpunga. Kazi ya baba ilikuwa moja tu: kila asubuhi abonyeze kitufe, taa ya kijani iwake, kipimo kihifadhiwe.

Nilikichomeka kwenye kompyuta. Kimya. Hasira zikanipanda, maana vipimo vyote vilishikiliwa na kibetri kidogo. Kikiisha, jasho la mzee limekwenda bure. Na chumbani kwangu hakukuwa na wa kumuuliza. Siku nyingine sauti pekee ninayoisikia ni ya feni.

Nikarudi kwenye mchoro. Ndani mna chipu mbili: moja inatunga ujumbe wa USB, nyingine inaupeleka kwenye waya na kupokea majibu. Kati ya hizo upo mguu mmoja wa ruhusa, kijipini cha chuma. Chipu ya kwanza ikiushusha hadi sifuri, ya pili inasema. Ikiupandisha, ya pili inanyamaza na kuisikiliza kompyuta. Sasa mimi, wakati wa majaribio, niliuchomea mguu ule kwa risasi ya kulehemia kwenye waya wa sifuri, usipande kabisa. Kisha nikaharakisha kukipeleka kabla mvua hazijafunga barabara, nikasahau kuubandua. Kilikuwa kinasema tu, hakisikii la mtu. Zuzu mimi.

Nikaiyeyusha ile risasi, betri ikiwa mahali pake. Kompyuta ikakitambua.

Nilitarajia kipimo kimoja kwa siku. Vilikuwa saba, tisa, siku moja kumi na vinne: asubuhi, mchana, jioni, kina kilekile cha maji. Nikadhani ni hitilafu nyingine. Halafu nikamwona baba akilini, juu ya dungu lake la kulindia shamba, anaamia ndege wasile mpunga, peke yake, msimu wa kwanza bila mama, anabonyeza ili kitu fulani kimwitikie.

Niliona aibu, nikalia. Simu zangu zote za msimu ule zilikuwa za dakika moja: umebonyeza? Taa imewaka? Haya, baba.

Nikampigia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” akasema. “Mashine imeharibika?”